Ukuta Moto, Maji Baridi: Kisa cha Nyumba Moja ya Mkomani, Lamu

Nyumba iko Mkomani, ndani ya Mji wa Kale wa Lamu. Kuta zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wa nusu mita mahali pengine. Sakafu zimebebwa na boriti za mikoko, kiwanda, yaani ua wa ndani, kiko katikati, na ngazi nyembamba hupanda orofa mbili hadi darini. Chini anaishi Bi Mkubwa, mtu mzima ambaye magoti yake hayavumilii tena maji baridi, hasa miezi ya kusi. Orofa ya kati anaishi mwanawe, mwalimu, pamoja na mkewe na watoto, na jiko liko huko huko. Juu kuna vyumba viwili vya wageni, ambavyo hujaa wakati wa kaskazi na hukaa vitupu masika yakishaingia.

Mimi fundi niliitwa kwa sababu ya tokeni, yaani umeme wa kulipia kabla. Mwalimu alikuwa akinunua umeme leo, keshokutwa mita inalia tena, ilhali darini ana mtambo wa jua wa lita 300 aliouziwa kwa ahadi kwamba maji moto hayatamgharimu tena. Wageni nao walilalamika kwamba maji huchelewa kupata moto. Lakini aliyenipa ufunguo wa kisa chote ni Bi Mkubwa. Aliniita mlangoni pa choo chake akanionyesha ukuta ulio kando ya birika la kuwekea maji ya kuogea.

“Mwanangu, hebu weka mkono hapa. Ukuta una moto kuliko mai.”

Niliweka. Chokaa ilikuwa na joto la kuhisika hata kwa mgongo wa kiganja, na ilikuwa imeanza kupukutika kwa mstari ulionyooka, ukifuata bomba lililozikwa ndani. Nikafungua koki ya maji moto. Yalitoka ya vuguvugu, yakapanda joto kidogo, kisha yakaanza kupoa tena huku koki iko wazi.

Hilo la mwisho ndilo lililonishughulisha. Bomba refu lililopoa hutoa maji baridi kwanza na moto baadaye. Hapa mambo yalikwenda kinyume, na kipimajoto cha tangi la darini kilionyesha nyuzi 58.

Mfumo ulivyofungwa

Kutoka kwenye tangi la jua liliteremka bomba moja la PPR, plastiki ngumu, la milimita 32. Lilipita vyumba vya wageni, likazunguka kiwanda kwenye orofa ya kati, likazama ukutani hadi choo cha Bi Mkubwa. Kutoka hapo bomba la milimita 20 lilipanda kurudi chini ya tangi, na pampu ndogo ilisukuma maji kwenye duara hilo usiku na mchana, ili kila koki ipate maji moto papo hapo. Kwenda na kurudi ni mita 70 hivi. Hakuna hata mita moja iliyofunikwa. Ndani ya tangi kulikuwa na elementi ya umeme ya kilowati 3 inayojiwasha yenyewe kila maji yanapopoa chini ya kiwango.

Wazo la duara si baya. Hoteli kubwa haziwezi kuishi bila hilo, kwa sababu kuna mtu anaoga karibu kila saa. Nyumba yenye watu wanaooga alfajiri na jioni ni jambo jingine kabisa.

Tufanye hesabu. Bomba la PPR la milimita 32 lisilofunikwa, likiwa na maji ya nyuzi 55 mahali penye hewa ya nyuzi 30, hupoteza takriban wati 20 kwa kila mita. Lile la milimita 20 hupoteza takriban wati 13. Ukijumlisha mita 35 za kwenda na 35 za kurudi, joto linalotoka ni zaidi ya kilowati moja, saa zote. Kwa siku nzima hiyo ni zaidi ya yuniti 25. Paneli mbili za darini, jumla ya mita 4 za mraba, siku ya jua kali zitaingiza yuniti 10 au 12. Maana yake bomba lilikuwa linakunywa zaidi ya maradufu ya kile jua lilicholeta, na pengo likazibwa na elementi, yaani na tokeni.

Sikutaka Mwalimu aamini hesabu ya karatasi peke yake. Nilimwomba asome mita watu wakishalala, kisha aisome tena kabla mtu yeyote hajafungua maji alfajiri. Usiku mmoja pampu iliachwa izunguke, usiku mwingine ikazimwa, na friji na feni zikabaki vilevile. Tofauti ilizidi yuniti 8. Hakuna aliyeoga, hakuna aliyepika, na yuniti 8 zimekwenda kupasha mawe.

Kwa nini maji ya Bi Mkubwa yalipoa

Ndani ya tangi maji moto hukaa juu na baridi huingia kwa chini. Bomba la kurudi linaungana na tangi kwa chini, na hapo hufungwa valvu ya njia moja ili maji yaende upande mmoja tu. Nilipoifungua ile ya Mwalimu, kikofia chake kilikuwa kimekwama wazi kwa ukoko mweupe wa chokaa na chumvi. Kwa hiyo Bi Mkubwa alipofungua koki, maji yalimjia kwa njia mbili kwa pamoja: moto kwa bomba la kwenda, na baridi kutoka chini ya tangi kwa bomba la kurudi, kinyume cha pampu. Pampu hizi ni dhaifu, na koki iliyo mita 10 chini ya tangi ina presha ya karibu baa moja, inayoishinda pampu bila shida. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye ncha ya duara, mahali ambapo njia zote mbili zina urefu sawa, na ndiye aliyepata mchanganyiko mbaya kuliko wote. Wageni wakioga kabla yake, chini ya tangi huwa baridi zaidi, na hali inakuwa mbaya zaidi.

Kubadilisha valvu kungerudisha joto la maji yake siku ile ile. Kusingegusa zile yuniti 25.

Mapendekezo yaliyokuwa mezani

Fundi aliyetangulia alishauri tangi la pili na paneli mbili zaidi. Ushauri huu ndio unaotolewa kila mahali Pwani, na katika nyumba ya aina hii una hatari. Lita 300 za maji ni kilo 300, kabla hujahesabu tangi lenyewe, paneli na fremu ya chuma. Dari ya nyumba ya kale ni mawe na chokaa juu ya boriti, na tayari inabeba mzigo mmoja wa namna hiyo pamoja na tangi la maji baridi. Nyumba za Mji wa Kale, ambao UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, hazikujengwa kwa uzito huo, na boriti iliyoanza kupinda hairudi. Hata kama dari ingehimili, joto la ziada lingeingia kwenye bomba lile lile.

Pendekezo la pili lilitoka kwa mdogo wake Mwalimu, anayeishi Uingereza. Alituma mchoro wa kugawa nyumba katika kanda, kila orofa na themostati yake ukutani na valvu ya mota yake. Themostati ikiona chumba kimepoa huifungua valvu, valvu ikiwa wazi huiwasha pampu na boila, mtambo wa kupasha maji. Huko ni jambo la kawaida. Nyumba mpya inayozidi mita 150 za mraba hutakiwa kuwa na angalau kanda mbili za kupasha joto vyumba, kila moja na saa zake na kiwango chake, ili usipashe chumba cha kulala mchana kutwa kwa ajili ya sebule.

Nilimwambia Mwalimu kwamba mdogo wake ameona ugonjwa wenyewe, ila dawa ni ya nchi nyingine. Kule maji moto yanapashia vyumba. Joto linalotoroka bombani wakati wa baridi bado liko ndani ya nyumba, linamfaa mtu. Hapa Lamu joto linalotoroka hutupiga mara mbili: umelipia kulizalisha, kisha unawasha feni kulifukuza. Kwa hiyo hasara ya bomba, ambayo kule inaweza kusamehewa kidogo, hapa ndiyo ya kwanza kuangaliwa. Tena kule themostati husikiliza hewa ya chumba. Sisi tunasikiliza saa: nani anaoga, lini, na ndoo ngapi.

Kuna tahadhari nyingine ya huko inayofaa kujulikana. Kanda ikigawanywa ndogo mno, boila huwaka na kuzimika kila baada ya dakika chache, ikachakaa mapema na kula mafuta, hadi watu wakalazimika kuongeza tangi la akiba. Kugawa kuna kikomo. Kila kanda ni viungo vipya, valvu mpya, na mahali papya pa kuvuja ndani ya ukuta usiotaka kutobolewa.

Tulivyogawa

Sikugawa kwa orofa. Niligawa kwa watu na saa zao, kisha nikaangalia umbali kutoka kwenye tangi.

Nilianza na Bi Mkubwa, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa mbali kuliko wote na ndiye anayetumia kidogo kuliko wote. Anaoga kwa ndoo na kata, asubuhi na baada ya alasiri. Ndoo ya lita 20 ya maji ya nyuzi 40 huhitaji lita 7 na nusu tu za maji ya nyuzi 60, zilizobaki ni maji ya kawaida, ambayo hapa Lamu yana nyuzi 28 hivi. Kupasha lita hizo 7 na nusu ni chini ya theluthi moja ya yuniti. Mara mbili kwa siku, haifiki hata yuniti moja. Kumfikishia joto hilo kutoka darini kulimaanisha kuweka lita 12 za maji moto ndani ya bomba la kwenda peke yake, saa 24, ukutani.

Alifungiwa hita ndogo ya lita 15 ya ukutani, kilowati moja na nusu, ndani ya choo chake, ikichukua maji kwenye bomba baridi lililokuwapo. Hupata moto kwa dakika 20 na kitu, na taima huiwasha kabla ya saa zake mbili za kuoga. Mkwewe aliingiwa na hofu ya mkono wa mtu mzima na maji ya nyuzi 60, na hofu hiyo ni ya haki, kwani maji ya joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache. Tuliweka valvu ya kuchanganya inayozuia koki isitoe maji yaliyozidi nyuzi 45. Hapo ndoo yenyewe huchukua maji mengi zaidi kutoka kokini na machache ya kuongezea, lakini joto linalotumika ni lile lile. Umeme wake una waya wa ardhi na breka inayokata umeme ukivuja. Katika choo chenye birika wazi, hilo halina mjadala.

Vyumba vya wageni viko chini tu ya tangi. Havihitaji pampu. Kila choo kilipewa bomba lake fupi la milimita 25, la mita 6 hivi, lenye maji lita 1.3. Mgeni akifungua bafu linalotoa lita 5 kwa dakika, maji moto humfikia kwa sekunde 15. Bomba jembamba zaidi lingeharakisha, lakini kati ya tangi na kichwa cha bafu la juu kuna kimo cha mita moja na nusu tu. Presha ni ndogo sana, na ukibana bomba mgeni ataoga matone. Faida nyingine ilijitokeza bila kutafutwa: zamani jikoni wakifungua koki, maji ya wageni yalikatika, kwa sababu wote walining'inia kwenye bomba moja na walio chini huvuta zaidi. Sasa kila kanda inatoka kwenye tangi kwa mdomo wake.

Jiko na choo cha familia vilibaki na duara, ila fupi, mita 20 kwa jumla, linalopita wazi upande wa kiwanda. Lote limevikwa sponji nyeusi ya kufunikia bomba. Hasara imeshuka hadi kama wati 7 kwa mita. Pampu inafanya kazi saa nne tu kwa siku, mbili za alfajiri na mbili za jioni, na kidhibiti kwenye bomba la kurudi huizima maji yakifika nyuzi 50. Hiyo ni kama nusu yuniti kwa siku.

Ukuta haukutobolewa popote. Mabomba mapya yalifuata kona za kiwanda na tundu lililoachwa na mfereji wa zamani. Nalitilia mkazo hili kwa mafundi wenzangu wa kisiwani: plasta ya chokaa ya nyumba hizi ikikatwa ovyo haizibwi kwa saruji ikarudi kuwa ile ile, na zidaka, vishubaka vya mapambo ukutani, zilizochongwa na watu waliokwisha kufa hazina mbadala dukani.

Maji yetu na vifaa vyao

Swali la mdogo wake Mwalimu lilikuwa kwa nini sikuweka valvu za mota. Jibu ni maji. Maji ya visima vya Lamu yana chumvi na chokaa, na hata Shela, kijiji jirani ambako vilima vya mchanga huhifadhi maji matamu ya mvua, maji hayo yako juu ya maji ya bahari na hayastahimili kuvutwa kupita kiasi. Valvu ya mota ina kishina chembamba na mpira ndani. Ukoko ukiiganda, mota huungua ikijaribu kuizungusha. Tuliweka koki za shaba zenye tufe ndani, zinazofungwa kwa mkono, na nikamwomba Mwalimu azizungushe zote mara moja kwa mwezi ili zisishikane. Valvu ya njia moja iliwekwa mahali inapofikika kwa spana, na chujio mbele yake. Ndani ya tangi, fimbo ya magnesiamu iliyowekwa ili chumvi iile hiyo badala ya kula tangi ilikuwa imebaki waya mtupu. Ikabadilishwa. Naona matangi mengi yakitupwa Pwani kwa kutoboka, na nikiuliza, hakuna aliyewahi kusikia kwamba kuna fimbo.

Hatari mbili ambazo kugawa huzileta

Ya kwanza ni presha. Maji yakipata moto hutanuka, na ukifunga koki pande zote za hita umetengeneza chombo kisicho na pa kupumulia. Usiweke koki kamwe kati ya hita na valvu yake ya usalama. Hita ya Bi Mkubwa ina valvu yake, na bomba lake la kutolea maji limeelekezwa sakafuni ili likidondosha lionekane.

Ya pili haionekani. Bomba lililoachwa na maji yaliyosimama ni makao ya bakteria wa Legionela, waliotambuliwa baada ya mlipuko wa homa ya mapafu Philadelphia mwaka 1976. Huzaana kati ya nyuzi 20 na 45, na mtu huambukizwa kwa kuvuta pumzi yenye matone madogo sana ya maji, kama ya bafu. Angalia joto la maji yetu ya kawaida: nyuzi 28 iko ndani kabisa ya kiwango hicho. Kwa hiyo lile bomba la zamani lililoteremka hadi chini halikufungwa kwa kizibo chooni. Lilikatwa pale juu kwenye tii, kiungo cha njia tatu, likamwagwa maji yote, kisha likazibwa. Na vyumba vya wageni, ambavyo masika yote hukaa vimefungwa, vina koki ya kufungia juu kabisa na ya kumwagia chini. Kabla ya mgeni wa kwanza wa msimu, tangi hupandishwa nyuzi 60, madirisha hufunguliwa, na kila koki huachwa imwage maji moto kwa dakika kadhaa, kichwa cha bafu kikiwa ndani ya ndoo ili matone yasiruke.

Hali ilivyo sasa

Mita ya usiku haisogei isipokuwa kwa friji na feni. Elementi ya tangi kubwa haijiwashi tena usiku. Hilo lilikuwa kosa jingine, kwa sababu elementi ikipasha tangi usiku, jua linapopanda linakuta kazi imeshafanywa na umeme. Sasa taima huiruhusu kuanzia saa kumi alasiri tu, na siku nyingi themostati inakuta maji tayari yana moto.

Limebaki tatizo nisilolitegemea kwa ukubwa wake. Mwalimu aliyekuwa karibu kununua tangi la pili, sasa lile moja ni kubwa mno. Wageni wasipokuwepo, familia haimalizi lita 300, na siku za jua maji hupita nyuzi 70, valvu ya usalama hudondosha, na ukoko hujengeka kwa kasi, kwani chokaa hujitenga na maji zaidi yanapopita nyuzi 60. Kwa sasa paneli moja inafunikwa jamvi hadi msimu wa wageni. Jamvi lazima lifungwe kwa kamba pande zote nne, maana upepo wa kusi juu ya dari si mchezo.

Lililobaki ni la kalenda. Saa za taima zilipangwa kwa siku za kawaida, na Ramadhani nyumba nzima huhama saa zake: jiko linaanza kazi kabla ya daku, na kuoga kwa jioni husogea karibu na tarawehe. Mke wa Mwalimu ndiye aliyeniuliza, na ndiye tuliyekaa naye kuandika saa hizo. Karatasi imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la swichi, safu mbili, ya Ramadhani na ya miezi mingine, pamoja na mstari wa tatu wa Bi Mkubwa, ambaye saa zake hazibadiliki.